Dirisha la Dawa: "Miguu ya mama imevimba"

SWALI: Shikamoo mzee. Mama yangu ana miaka 67, tunakaa naye Ujiji, ana presha. Mwezi wa tatu alikwenda Dar kwa kaka, na daktari wa huko akamwandikia Norvasc ya miligramu 10, kidonge kimoja kila asubuhi. Aliporudi alikwenda kwa daktari wa zahanati ya mtaani, yule anayetutibu familia nzima tangu tukiwa watoto. Naye akampa dawa hapo hapo, kwenye kibahasha cha kaki kilichoandikwa "presha 10mg 1x1". Sasa miguu imevimba hadi kandambili haziingii, na akisimama anapata kizunguzungu. Nilipeleka kibahasha duka la dawa, wakasema hiyo ni amlodipini, "ile ile ya Dar ila ya bei nafuu". Ya Dar tulinunua zaidi ya sh 40,000, hii sh 3,000! Tumepewa feki? Na kwa nini daktari hakutuambia? – Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta sentensi moja: kwamba mama alipoanza za kwenye kibahasha aliacha zile za Dar. Haimo. Kama anameza zote, basi kila asubuhi anakunywa miligramu 20 za dawa moja, wakati mwisho kwa siku ni 10. Amlodipini hulegeza mishipa ya damu ili presha ishuke. Ikizidi, maji huteremka yakatuama kwenye vifundo vya miguu, na mtu akiinuka anaona dunia inazunguka.

Kesho asubuhi, kabla hajameza chochote, mpeleke akapimwe presha. Beba boksi na kibahasha, vyote viwili, uviweke mezani kwa daktari. Msiache dawa zote kwa hasira, presha itapanda. Na hata ikionekana hakuwa anachanganya, uvimbe utajwe vile vile, kwa sababu miligramu 10 peke yake huwavimbisha miguu baadhi ya watu, hasa wanawake, na daktari anaweza kupunguza au kubadili. Akizimia au akibanwa na kifua, msisubiri kupambazuke.

Sasa hiyo feki. Norvasc ni jina la biashara, kampuni ya Pfizer ndiyo iliyolitoa. Amlodipini ni jina la dawa yenyewe. Chukua boksi la Dar uligeuze kwenye mwanga: chini ya jina kubwa kuna herufi ndogo, AMLODIPINE. Huyo ndiye mliyempata kwa sh 3,000. Kampuni inayogundua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20 tangu iombwe. Ya Norvasc kule Marekani ilikwisha 2007. Hataza ikiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kuitengeneza, na hivyo havirudii gharama za kuijaribu upya miaka na miaka kwa wagonjwa. Vinatakiwa kuonyesha kwamba dawa yao inafika kwenye damu kama ile ya kwanza: watu wazima wenye afya wanameza hii, siku nyingine wanameza ile, wanatolewa damu saa baada ya saa, vipimo vinalinganishwa. Dagaa wa Kibirizi akifungwa kwenye pakiti yenye picha akapelekwa Dar, bei inapanda lakini dagaa ni yule yule.

Feki ni habari nyingine, na anayeghushi huvutiwa na jina kubwa, maana ndiko kwenye faida. Kwa hiyo bei kubwa haikukingi. Kinachokukinga ni kununua kwenye duka lililosajiliwa dawa iliyopitishwa na TMDA, mamlaka ya serikali inayokagua dawa (wengi bado tunaiita TFDA, jina lililobadilika 2019). Sisi wa mwambao huu tuna mtihani wetu: maboksi ya Kifaransa yanayovuka na boti kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Jina ndani linaweza kuwa sahihi kabisa, lakini hakuna aliyelikagua boksi hilo kwa ajili yako, na hujui limekaa juani siku ngapi.

Kwa nini daktari hakusema? Hapo sina utetezi wa kutoa, maana nami nilikosa vivyo hivyo. Miaka ya nyuma, nikiwa dirishani, nilimpa mzee mmoja metronidazoli bila kumuuliza alichonacho nyumbani. Nyumbani alikuwa na Flagyl. Alirudi siku ya tatu hali chakula, analalamika mdomo una ladha ya chuma. Dawa moja, majina mawili, nami ndiye niliyepaswa kuuliza. "Presha 10mg 1x1" si jina la dawa. Presha ina dawa chungu nzima, na kibahasha cha namna hiyo kinamfunga macho hata daktari atakayemwona mama kesho.

Daktari wa Dar naye ana sehemu yake. Mwongozo wa matibabu wa taifa unataja dawa kwa majina yake halisi, lakini wengi huandika jina la kampuni kwa mazoea tu, na watu wa kampuni wanaopita na kalamu na kalenda wanayalea mazoea hayo. Uingereza madaktari wa familia hufundishwa tangu chuoni kuandika jina la dawa, na zaidi ya asilimia 80 ya vyeti vyao viko hivyo.

Na huyu anayeandika na kuuza mwenyewe? Sipendi, lakini simlaani. Huko vijijini Kalya mgonjwa akitoka zahanati bila dawa aende wapi? Hata Uingereza daktari wa kijijini huruhusiwa kutoa dawa kwa mgonjwa anayeishi zaidi ya maili moja kutoka famasi. Ila Ujiji maduka yapo. Mwombe akuandikie cheti chenye jina halisi, ukanunue unapotaka. Mwombe kwa adabu, ni mzee wenu huyo.

SWALI: Mtoto wangu ana kifafa, anatumia Tegretol. Duka wanataka kunipa karbamazepini ya kiwanda kingine. Nikubali? – Mama wa Kasulu

JIBU: Dada, dawa ni ile ile, maana Tegretol ni jina la biashara la karbamazepini, lakini hapa mimi mwenyewe naenda taratibu. Dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini zina nafasi nyembamba kati ya kutosha na kuzidi, na tofauti ndogo inayovumilika kwenye Panadol inaweza kumrudishia mtoto degedege. Aliyetulia kwenye kiwanda kimoja abaki nacho. Kama hakipatikani, kubali hicho kingine kuliko kumkatisha dozi ghafla, kisha mjulishe daktari wake wiki hiyo hiyo na uandike kila siku anayoanguka. Kama mtoto anameza vile vidonge vinavyoachia dawa kidogo kidogo mwilini, hakikisha na hivyo vipya ni vya aina hiyo. Boksi tupu usilitupe, nenda nalo dukani.