Kilele kikishuka, usikimbilie gaini

Wadogo zetu mnaoanza kupima chembe za alfa kwa vigunduzi vya silikoni, kila kundi jipya linarudia makosa yaleyale, na vigunduzi vinakufa kabla ya siku zake. Someni haya kabla ya kugusa swichi.

1. Uso wa kigunduzi hauguswi. Dhahabu iliyo pale ina unene wa nanomita 20 hivi. Kidole kimoja kinatosha kuiharibu.

2. Volti za kigunduzi ziwashwe baada ya ombwe, yaani hewa ikishatolewa kwenye chemba, na zizimwe kabla ya kuruhusu hewa. Kwa vigunduzi vinene vinavyotaka mamia ya volti, umeme huruka kirahisi shinikizo likiwa katikati ya lile la hewa ya kawaida na ombwe, na transista ya kwanza ya priamplifaya (kikuza ishara cha kwanza baada ya kigunduzi) ndiyo inayolipa. Chemba ifungwe giza totoro pia.

3. Hili ndilo linaloniuma. Asubuhi kilele cha amerisiamu-241, chanzo cha alfa mnachopimia, kwenye grafu ya nishati kimekaa vizuri kwenye MeV 5.486. Mchana chumba kimepata joto, kilele kimetambaa kushoto na kunenepa, nanyi mnaongeza gaini, yaani kiwango cha kukuza ishara. Jamani! Gaini inakuza hata kelele, ugonjwa unabaki palepale. Tazameni rezista. Kabla ya kufika kwenye silikoni, volti hupitia rezista ya priamplifaya, mara nyingi ya megaomu 100. Uvujaji, yaani mkondo mdogo unaopenya kigunduzi hata bila alfa, ukiwa nanoampea 20, rezista inakula volti 2, hakuna neno. Lakini joto likipanda nyuzi 7 au 8 hivi za Selsiasi, uvujaji huwa maradufu. Kigunduzi kilichochoka, kikifikisha nanoampea 300, kinapoteza volti 30: kisanduku cha volti kinaonyesha 60, silikoni inapata 30. Eneo lililofagiwa chaji huru linasinyaa, kapasitansi (uwezo wa kigunduzi kuhifadhi chaji) inapanda, kelele inaifuata.

Kwa hiyo daftari lionyeshe uvujaji kila saa, si volti peke yake. Fidieni kwenye kisanduku kile kilicholiwa na rezista, hatua kwa hatua. Uvujaji ukizidi kupanda wakati hakuna aliyegusa volti, shusheni, mkipooze kigunduzi. Na chumba kikipoa jioni, ondoeni mlichoongeza, la sivyo volti zile zote zinaiangukia silikoni. Hapo ndipo vigunduzi vingi vizima vinapoharibiwa na watu waliodhani wamevitibu.

4. Chanzo kisilale mbele ya kigunduzi ndani ya ombwe. Viini vinavyorudishwa nyuma na mtengano wa alfa hujipachika usoni, na usuli wenu, yaani hesabu mnazopata bila chanzo, hautakuwa safi tena.