Mimba imetoka, tumeruhusiwa: sasa tufanye nini?

SWALI: Mimba ya mke wangu imeharibika ikiwa na wiki 10. Hospitali walisema imetoka yote, wakampa dawa za maumivu wakaturuhusu. Leo ni siku ya tano, damu bado inatoka na hataki kuzungumza. Nimsaidieje?

JIBU: Poleni sana, ndugu yetu. "Imetoka yote" si maelezo. Mlistahili kuelekezwa kabla ya kuondoka.

Damu kutoka hadi wiki mbili ni kawaida, mradi inapungua. Kuliko kuhesabu siku, hesabuni pedi. Akilowesha pedi kubwa 2 kwa saa, saa 2 mfululizo, rudini hospitali hata kama ni usiku wa manane. Rudini pia akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, uchafu wenye harufu mbaya, kizunguzungu cha kuzimia au maumivu yanayozidi: huenda kuna mabaki kwenye mji wa mimba, au maambukizi. Mpaka damu ikauke, atumie pedi za nje tu, na tendo la ndoa lisubiri.

Asijipime mimba sasa. Homoni ya mimba hukaa mwilini wiki kadhaa, hivyo mistari miwili ya leo itampa tumaini la uongo tu. Apime baada ya wiki 3. Ikitokea tena miwili, akaonane na daktari. Jambo linaloshtua wengi: yai laweza kupevuka wiki 2 tu baada ya mimba kutoka, kabla hata ya hedhi. Kama hamjawa tayari, zungumzeni uzazi wa mpango mapema.

Ulizeni pia kundi lake la damu. Kama ni Rh hasi (kundi lenye alama ya kutoa, mfano O-), mwulizeni daktari leo hii kama bado anahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto wa baadaye. Msicheleweshe, maana kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 72, nanyi mmeshazipita.

Kuhusu ukimya wake, usimwambie "mtapata mwingine". Alikuwa anamngoja huyu. Keti naye, hata bila maneno. Pengine anajilaumu kwa ndoo aliyoinua au siku mliyogombana. Mweleze waziwazi kwamba hayo hayatoi mimba, na kwamba takribani nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na hitilafu za kromosomu (vibeba vinasaba ndani ya seli). Wiki 2 zikipita bado hali chakula wala hapati usingizi, mpeleke kwa mshauri nasaha. Akitaja kutaka kufa, ni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Na simu za ndugu wanaouliza "ilikuwaje?", zipokee wewe.