Mkondo wa bwawani na mkondo wa baharini

SWALI: Bwana Mshauri, assalaam alaykum. Ninafanya kazi katika nyumba ya wageni hapa Nungwi yenye bwawa dogo la mashine inayosukuma maji, hata mtu akaogelea bila ya kusogea. Mwenye nyumba ameniruhusu kulitumia alfajiri kabla ya wageni kuamka, nami ninajitayarisha kwa mashindano ya baharini ya kilomita 2. Bwawani ninaogelea dakika 40 bila ya kupumzika, lakini juzi baharini nilichoka mapema na nikatokea mbali na pale nilipokusudia. Je, mazoezi yale yana faida, au ninajidanganya?
Msomaji, Nungwi

JAWABU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu yetu. Faida ipo, wala si ndogo, ila umeichukulia mikondo miwili kuwa ni mmoja.

Katika bwawa la namna hiyo, propela huyasukuma maji kupitia kwenye wavu unaoyanyoosha, yakakujia usoni, kisha yakarudi kwa chini au kwa pembeni ili yasukumwe tena. Mwaka 1972 Per-Olof Åstrand, mtafiti wa Sweden, na mwenzake walieleza chombo cha aina hii, kilichowawezesha kumpima muogeleaji pumzi zake akiwa amebaki mahali pamoja. Kwa kuwa mkondo wenyewe ni mwembamba na una nguvu zaidi katikati, kasoro zako haziwezi kujificha. Weka jiwe jeupe sakafuni, chini ya pua yako: likianza kukimbilia upande mmoja kila unapovuta pumzi, basi mkono mmoja unavuta zaidi ya mwengine, au kichwa unakigeuza kupita kiasi. Kocha wa ufukweni angehangaika wiki nzima kuliona hilo.

Ama ile namba ya kasi ya maji inayoonekana kwenye rimoti ya mashine, mimi siiamini sana. Hesabu mapigo ya mikono kwa dakika moja bwawani, kisha uyahesabu tena baharini penye maji yaliyotulia; yakipungua sana, ujue kwamba mashine ilikuwa ikikupangia mwendo ambao wewe mwenyewe bado hujauzoea.

Sasa tuje kwenye bahari. Bwawani unausikia mkondo kwa sababu ukuta umesimama na wewe unajitahidi usirudi nyuma. Baharini maji hukuchukua pamoja na mwani ulio ubavuni pako, nawe husikii kitu, kama abiria wa boti ya Pemba asiyechungulia dirishani. Tuseme unakwenda mita 50 kwa dakika, na mkondo una kasi ya noti 1, yaani kiasi cha mita 30 kwa dakika. Ukiukabili, utasogea mita 20 tu, na mita 500 zitakuchukua dakika 25 badala ya 10. Ukikukatiza kwa ubavuni kwa dakika 10 hizo, utakuwa umechukuliwa mita 300 upande. Huenda hayo ndiyo yaliyokukuta juzi.

Dawa yake ni kutazama alama mbili za nchi kavu zilizofuatana, kwa mfano mnazi wa mbele na paa la nyuma yake; zikiachana, umechukuliwa. Hilo nalo linafundishika bwawani: kila baada ya mapigo 8 au 10 inua macho tu, si kichwa kizima, kwani kichwa kikipanda miguu huzama na mkondo utakurudisha nyuma papo hapo. Usiingie bwawani peke yako alfajiri hiyo, hata kama maji yanakufika kifuani tu.

Baharini anza siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, uyaache ya bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa huku kwetu hufika kiasi cha mita 4, na mwenzako awe karibu nawe akiwa na ngalawa. Kisha waulize waandalizi saa ya kuanza mashindano, uilinganishe na saa za maji kujaa na kupwa siku hiyo. Hapo ndipo utakapojua alama yako uielekee moja kwa moja, au uelekee upande wake wa juu, kule mkondo unakotoka, ili maji yenyewe yakuteremshe hadi penye boya.