Makarani wazee wamegoma kishikwambi? Usianze na semina

Mkuu umesema AMCOS yenu (chama cha ushirika cha wakulima) huko Masasi mmeletewa mizani ya kidijitali na kishikwambi cha kuandikia korosho, na makarani wawili wakongwe wamegoma, wao na leja tu, daftari la kuandika kwa mkono. Hao mashine hawaiogopi, wanaogopa lawama. Mzigo ukifika ghala kuu kilo zimepungua, hata kama ni unyaufu tu (korosho kukauka zikapungua uzito), wa kwanza kukabwa ni karani, sasa leja ina mwandiko wake anajitetea nayo, hiyo skrini atajiteteaje nayo?

Semina ya siku nzima na projekta achana nayo, watu watakula posho watasinzia. Mchukue mmoja, yule anayesikilizwa na wenzie, jioni foleni ikikatika, kishikwambi ashike YEYE wewe mikono nyuma. Aandike kilo za uongo na kweli, akosee namba ya mkulima makusudi kisha umuonyeshe pa kurekebisha kabla hajatuma. Akishajua kosa linarekebishika utaona anakuita mwenyewe.

Leja msiwanyang'anye msimu huu, leja na kishikwambi viende pamoja, jioni mnalinganisha jumla. Na mtandao wa vijijini unaujua, kwahiyo ulizia kama hiyo programu inatunza taarifa bila intaneti, kama haitunzi basi wazee wako sahihi na mbishi ndo wewe 😂

Halafu yule kijana wa kompyuta aache kumpokonya mzee kifaa eti "lete nikufanyie". Amsalimie shikamoo, amwambie bonyeza hapa, asubiri.