Gwashi ya bei nafuu: nimeipaka mwaka mzima, haya ndiyo niliyoyaona

Mkuu, umeuliza una elfu sitini mkononi, umeona zile seti za gwashi (rangi ya kuchanganya na maji, ila inayoziba) za vikombe vya rangi laini kama jeli zinazotoka China, ununue hizo au ukusanye kwanza hela ya tyubu za Ulaya. Ukauliza pia kama binti yako wa miaka tisa anaweza kuzitumia. Jibu la haraka ni kwamba nunua, jifunzie, jaza madaftari. Ila usimuuzie mtu picha uliyoipaka kwa rangi hizo kabla hujazianika juani ukaona zipi zinabaki. Hilo mimi nililijua kwa machungu, nitafika huko.

Kwanza ujue natokea wapi. Nimekulia kwenye rangi za mafuta. Mjomba wangu alipaka picha za mtindo wa tingatinga, nami nilimshikia brashi tangu niko darasa la nne. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 hapa Dar, alitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana na ndivyo alivyovimudu. Kwa hiyo mtu akiniambia rangi ya bei ndogo haifanyi kazi ya maana, simwelewi. Miaka kumi na zaidi nilipaka rangi hizo hizo zinazong'aa. Kilichonitoa huko ni mtoto. Tulikuwa chumba kimoja Mbagala, mtoto ana miezi miwili, na mimi nafungua kopo la thina pembeni ya neti yake. Mke wangu hakugomba, alitoka tu na mtoto akaenda kukaa barazani. Wiki ile ile nikaanza kutafuta rangi ya kuchanganya na maji.

Rangi ya maji ya kawaida nilishaijaribu, ikanishinda. Mkono wangu umezoea rangi inayoziba, ukikosea unapaka juu yake yanaisha. Rangi ya maji inaonyesha kila kitu kilicho chini, na weupe wake ni wa karatasi yenyewe, ukishaufunika umekwenda. Gwashi imekaa katikati. Ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga, ule utomvu ambao kwa sehemu kubwa duniani unatoka Sudani, sawa na rangi ya maji, isipokuwa unga umewekwa mwingi zaidi, na mara nyingine chokaa huongezwa humo ili izibe. Ikikauka haing'ai hata kidogo. Ndiyo maana picha yake ukiipiga kwa simu inatoka safi, bila mng'ao wa dirisha wala taa. Hizo mandhari za katuni za Studio Ghibli ulizosema zimekuvutia zimepakwa kwa rangi ya jamii hii hii, poster kala za kampuni ya Nicker ya Japani.

Seti niliyonunua mimi ilikuwa ya vikombe 18, kila kimoja mililita 30, kwa elfu hamsini na tano. Piga hesabu: tyubu nyingi za Ulaya ni za mililita 14 au 15, kwa hiyo kila kikombe ni sawa na tyubu mbili. Ungenunua kiasi hicho kwa tyubu za daraja la juu ungeuza kitanda. Tofauti ya bei inatoka kwenye unga. Seti za bei nafuu zina unga kidogo na kijazio kingi, na pale ambapo unga halisi ni ghali wanaweka wa bei ya chini unaofanana nao siku ya kwanza.

Mzigo wangu ulikuja umelazwa kichwa chini. Ile karatasi ya plastiki inayofunika vikombe ilikuwa imeachia kona moja, rangi nyekundu imeingia kwenye njano na kijani. Nilichota juu juu kwa kijiko nikaokoa nyingi. Ukipokea wako, fungua mbele ya aliyeuleta. Na usije ukabeba boksi hilo kwenye begi la mgongoni. Ukitaka kwenda kupaka nje, chota kidogo kidogo uweke kwenye kile kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba, kinatosha.

Sasa kuhusu kupaka kwenyewe. Wiki tatu za mwanzo nilidhani nimeuziwa takataka. Picha zote zilikuwa tope. Nilikuwa nafanya kosa la mtu wa rangi ya mafuta: napaka tabaka la kwanza, linakauka, nasugua la pili juu yake, na la chini linaamka. Gwashi hailali moja kwa moja. Gundi yake ikiguswa na maji inayeyuka tena, hata baada ya mwaka. Nilichojifunza ni kwamba tabaka la chini linataka maji mengi kidogo, rangi iwe kama maziwa, na la juu liwe zito kama uji wa ulezi wa mtoto. Unaliweka mara moja, unanyanyua mkono. Usirudi. Brashi ikishapita mara tatu mahali pamoja, tayari unachota rangi ya chini.

Uzito nao una mpaka. Nilipaka mwamba wa pwani kwa rangi nene kama niliyokuwa nikiipaka kwenye hadibodi, asubuhi nikaukuta umepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Tone moja la gliserini, ile ile ya dukani ya kujipaka mwilini, kwenye rangi ya kijiko kimoja linasaidia isipasuke. Tone moja, mkuu. Mimi niliweka matano, na msimu wa masika kurasa za daftari langu ziligandana, nikapoteza michoro sita ya soko la samaki la Feri ambayo hadi leo naikumbuka mmoja mmoja.

Kitu kingine kitakachokusumbua ni rangi kubadilika ikikauka. Iliyo karibu na nyeupe hukauka ikiwa imekolea zaidi ya ulivyoiona mbichi, ya giza hukauka ikiwa imepauka. Nilipaka anga la Kivukoni saa kumi na mbili asubuhi, rangi ikaniishia katikati, nikachanganya nyingine, mbichi zikafanana kabisa. Zilipokauka, anga lilikuwa na kiraka kama suruali ya fundi gereji. Tangu hapo nachanganya rangi ya anga yote kwa mara moja kwenye kikopo chenye mfuniko, napaka ukanda mdogo kwenye kipande cha karatasi, nausubirisha mbele ya feni dakika tano, ndipo naanza.

Nyeupe. Hapa nitasimama kidogo kwa sababu ndiyo inayoamua kama utaipenda gwashi au utaiacha. Kila rangi utakayotaka kuing'arisha inapitia kwenye nyeupe, kwa hiyo kikombe cha nyeupe ndicho kitakachokwisha kwanza. Changu kiliisha ndani ya mwezi na nusu huku zambarau ikiwa haijaguswa. Na nyeupe ya seti nyingi za bei nafuu ina chokaa nyingi, haizibi. Ijaribu hivi: chora mstari kwa kalamu nyeusi isiyofutika na maji, uache ukauke vizuri, upake nyeupe juu yake mara moja. Yangu ilikauka mstari ukionekana wazi. Nikanunua tyubu moja ya nyeupe ya titani, ile iliyoandikwa PW6, ya kampuni yenye sifa, na mstari ukafifia hadi kuwa kivuli tu. Tyubu hiyo moja ilibadilisha rangi zangu zote 18. Njano ikawa na nguvu, bluu ya bahari ikaanza kufanana na bahari. Kama utanunua kitu kimoja cha gharama, kiwe hicho.

Kwenye karatasi usiumize mfuko. Karatasi ya kuchapia ya gramu 80 inajikunja kama samaki kwenye kikaango, hiyo achana nayo. Ya gramu 300 ni nzuri ila bei yake inakufanya uogope kukosea, na anayejifunza akiogopa kukosea hajifunzi. Mimi nakwenda Kariakoo kwa wachapaji wa kadi za harusi na za michango, wanaponiuzia vipande vinavyobaki kwenye mashine kwa bei ya chai. Chagua vile visivyong'aa, kwa sababu upande unaong'aa unaitema rangi. Kadi hizo ni ngumu, zinavumilia maji kiasi, na ukubwa wake unakulazimisha kupaka picha ndogo, jambo ambalo ni zuri kwa mwaka wa kwanza.

Joto na unyevu wa Dar ni mtihani wa vikombe hivi. Kiangazi vinakauka na kupasuka, masika vinaota ukungu. Kwenye kukauka, nanyunyizia maji yaliyochemshwa yakapoa kila ninapomaliza kazi, nafunika kwa ile plastiki, kisha mfuniko. Ya bombani situmii tena, maana ndiyo yaliyoniletea ukungu kwenye kahawia. Kwenye ukungu, shemeji yangu wa Pemba aliniletea kichupa cha mafuta ya karafuu kwa ajili ya jino, nikachovya ncha ya kijiti cha meno na kukoroga kwenye kila kikombe. Masika iliyofuata haukurudi. Na chumba kinanukia vizuri, jambo ambalo mke wangu amelipokea kwa furaha baada ya miaka ile ya thina.

Sasa jua. Mwezi wa sita mama mmoja wa Kigamboni aliona picha yangu ya ukuta wa nyumba ya zamani uliofunikwa na bogenvilia, akainunua. Ilikuwa picha yangu ya kwanza ya gwashi kupata mnunuzi, na nililala nikiwa na raha sana. Aliitundika sebuleni, mkabala na dirisha. Mwezi wa kumi na mbili akanitumia picha kwa simu bila maneno yoyote. Maua hayakuwepo. Ukuta upo, majani yapo, yamegeuka kuwa na ubluu, na pale palipokuwa na waridi iliyokolea pamebaki rangi ya chai ya maziwa. Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Yule mama alilipa hela yake ya kazi, na mimi nilimpa kitu kilichokuwa kinakufa ukutani.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kukifanya mwanzoni. Nilipaka kanda za rangi zote 18 kwenye kadi moja, nikafunika nusu ya kila ukanda kwa kadi nyeusi, nikabandika kwenye kioo cha dirisha la magharibi kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi yote. Nilipofunua, waridi ilikuwa imekwenda karibu yote. Zambarau imebaki kijivu. Kijani kimoja kimegeukia bluu, kwa maana njano iliyokuwa ndani yake ndiyo iliyokimbia. Lakini njano ya udongo, kahawia zote mbili, nyekundu ya kutu, nyeusi, nyeupe na bluu mbili zilisimama, sikuona tofauti kati ya nusu iliyofunikwa na nusu iliyopigwa jua. Hazikunishangaza sana: njano ya udongo na nyekundu ya kutu ni kutu ya chuma kweli, jua haliifanyi kitu.

Seti yangu haina alama zozote za unga kwenye vikombe, ni majina tu ya kupendeza. Rangi ya kuaminika huandikwa herufi P na namba, kama PY42 kwa njano ya udongo, PR101 kwa nyekundu ya kutu, PB29 kwa ile bluu iliyokolea inayovutia kwenye zambarau. Pasipo alama hizo, dirisha lako ndilo litakalokwambia.

Yule mama nilimpakia upya picha yote. Rangi nane zilizopita dirishani nilizitumia, na kwa maua nilinunua tyubu moja ya waridi yenye alama ya PV19, ambayo jua haliitishi kirahisi. Sikumtoza, na nikaifungia kwenye fremu yenye kioo kwa sababu gwashi bila kioo, hata tone la jasho la mkono linaiachia doa.

Kwa elfu sitini yako, basi, tafuta seti ndogo kuliko yangu, ya vikombe 12 kama ipo, na hela inayobaki iende kwenye nyeupe ya titani. Brashi mbili zinatosha, moja bapa na moja ya mviringo, za nyuzi za plastiki. Zile zinazokuja ndani ya seti zinamwaga nywele. Bandika kanda zako dirishani siku hiyo hiyo unapofungua boksi, maana miezi mitatu itapita tu huku ukijifunza.

Na binti yako, mwache apake. Inatoka kwa sabuni na maji mikononi na mezani. Mvalishe tisheti ya zamani tu, kwa sababu ile waridi inayokimbia jua, kwenye gauni jeupe la Idi la mpwa wangu haijatoka hadi leo.