Sifuri za karani

Kila msimu wa maombi ya uzamili ukifika, wanafunzi huniletea ukurasa ule ule niupitie. Juu jina, chini yake "maeneo ya utafiti", halafu: takwimu tumizi, uchanganuzi wa data, modeli za utabiri. Ukifuta jina ukaandika la mwenzake, hakuna kitakachoharibika. Huwa nawauliza ni swali gani hasa linalowasumbua. Wengi hunyamaza. Siwalaumu, maana nami kwa miaka nilikuwa sina.

Langu nililipata hapa Lamu, na nililipata kwa aibu.

Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamivu juu ya uvuvi wa kambamawe. Nilipewa nakala za daftari la bandari moja ndogo: tarehe, jina la chombo, idadi ya kamba. Nikaziingiza kwenye R, programu ya takwimu, nikapiga wastani, nikachora grafu za kupendeza, kisha nikaja kuwasomea wavuvi matokeo. Nikawaambia, kifua mbele, kwamba wakati wa kusi mapato kwa kila chombo hayashuki sana. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alicheka mpaka akaweka sindano chini.

"Ndoo mwanangu, kaa hapa," akanambia. "Siku tuliyorudi mikono mitupu, umeiona wapi kwenye hilo daftari?"

Nikamwendea karani, mtu mzima ninayemwita ami. Akanieleza bila wasiwasi wowote: asiyeleta kitu haandikwi, kwani kuna nini cha kuhesabu? Na hakukosea. Daftari lile liliwekwa kwa ajili ya malipo. Mimi ndiye niliyeligeuza la utafiti bila kuuliza.

Hebu piga hesabu. Vitoke vyombo kumi, sita virudi na kamba ishirini kila kimoja, vinne virudi vitupu. Kwa daftari wastani ni 20. Kwa waliokuwa baharini ni 12. Kusi ikichachamaa, vitupu huongezeka, kwa hiyo daftari hupotosha zaidi katika miezi ile ile mvuvi anapobanwa zaidi.

Niliporudi kusoma nikakuta tatizo langu lina ndugu wasioijua bahari. Mwaka 1992 Diane Lambert alichapisha njia ya kushughulikia sifuri zinazozidi kiasi katika hesabu za Poisson (modeli ya takwimu ya idadi ya matukio), na mfano wake ulikuwa kasoro za bidhaa kiwandani. Alizitenga sifuri kwa asili yake. Mtambo ukiwa umetulia barabara, kasoro hazitokei kabisa. Usipotulia, zaweza kutokea, ila leo kwa bahati hazikutokea. Huku kwetu: chombo hakikutoka, au kilitoka kikakosa. Kwenye karatasi zote ni 0, lakini ya kwanza inakueleza habari za upepo na ya pili habari za kamba.

Basi kabla ya kufungua kompyuta, kaa asubuhi moja na mtu anayeandika namba zako. Usiende na fomu. Muulize nini huwa haandiki, halafu nyamaza umsikilize.

Kazi nyingine za taaluma sina mengi ya kuzisemea: kufundisha, kusimamia tasnifu, vikao (vikao!). Lakini ukiombwa kupitia makala za wenzako kabla jarida halijazichapisha, kubali, ingawa malipo hutayaona. Mimi huruka utangulizi nikaenda moja kwa moja panapoelezwa data ilivyokusanywa. Nikikuta "rekodi zisizokamilika ziliondolewa" bila kuambiwa ni ngapi na kwa nini, kalamu nyekundu hutoka hapo hapo. Nimejifunza mengi kwa makosa ya watu, kwa sababu nayafahamu, yalikuwa yangu.

Ami alikubali kuongeza safu moja kwenye daftari, akaichora kwa rula. Tukapatana: 0 kwa aliyetoka akakosa, kistari kwa ambaye hakutoka. Kusi iliyopita nikalifungua nikakuta alama ambayo hatukupatana, kiduara chenye nukta katikati.

"Hawa je, ami?"

"Hao walitoka, wakapata, wakauza huko huko baharini."

Nimerudi chuoni na kiduara hicho, na modeli yangu haina pa kukiweka.