Utando wa Kahawia Katika Tangi la Matumbawe: Utambue Kabla ya Kuutibu

Anayeanza kufuga matumbawe kwa mawe makavu na chumvi ya kuchanganya nyumbani ana uwezekano mkubwa wa kuona utando wa kahawia ukitanda mchangani katika miezi ya mwanzo, na wazo la kwanza huwa ni kusafisha: kubadilisha maji mara kwa mara, kuwapunguzia samaki chakula, kuongeza chembe za kunyonya fosfati. Ikiwa utando huo ni wa dinoflajelati, hatua hizo huuzidishia nguvu. Viumbe hawa wa seli moja hushamiri hasa pale nitrati na fosfati zinaposhuka hadi sufuri, kwa kuwa mwani na bakteria wanaoshindana nao hukosa lishe, ilhali wao wenyewe, wengi wao, wanaweza kuishi kwa kumeza bakteria.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, hakikisha unapambana na nini. Dinoflajelati hutoa nyuzi za kamasi zenye viputo vya hewa, ambazo huwa nene jioni baada ya taa kuwaka kutwa, na asubuhi huonekana zimepungua sana. Nyonya kamasi kidogo kwa bomba la sindano, itie katika chupa yenye maji ya tangi, itikise kwa nguvu, kisha uyachuje maji hayo kwa karatasi ya kuchujia kahawa na kuyaweka chini ya taa. Chembe zilizomo zikijikusanya tena kuwa nyuzi baada ya saa moja hivi, shaka imekwisha.

Hata hivyo jina la jumla halitoshi, na hapa ndipo ninapowasihi wageni wasiharakishe. Hadubini ya kawaida ya wanafunzi inayokuza mara 400 inatosha kabisa. Tazama aina mbili za dinoflajelati. Ostreopsis ana umbo la tone la maji, na mara nyingi utamwona amejishikiza kwa ncha yake nyembamba huku akizunguka papo hapo. Amphidinium ni wa duaradufu, naye huteleza huku na huko juu ya kioo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba. Ostreopsis huachia mawe usiku na kuelea majini, hivyo taa ya miale ya urujuanimno (UV), inayoua viumbe walio katika maji yanayopita ndani yake, humpata. Chagua yenye takribani wati 1 kwa kila lita 10 hadi 12, ivute maji moja kwa moja kutoka tangi kuu na kuyarudisha humo humo. Amphidinium mwenye seli kubwa habanduki mchangani, na taa hiyo haitamfikia hata ukiiwasha mwezi mzima. Kwake yeye, wafugaji wengi huongeza silika kidogo kidogo ili daiatomu, mwani wa seli moja unaohitaji silika, ziote na kumnyang'anya nafasi, kazi inayodai subira ya wiki kadhaa.

Kwa aina zote mbili, pandisha nitrati hadi miligramu 5 au 10 kwa lita, na fosfati hadi kama 0.1. Pima fosfati kila siku, maana mawe mapya huinyonya haraka na kipimo cha jana hakikuambii hali ya leo. Acha kubadilisha maji kwa muda. Kuzima taa za kuangazia tangi siku 3 kunadhoofisha mlipuko na matumbawe huvumilia, lakini pasipo kurekebisha lishe, kamasi hurudi.

Kuna suala la usalama ambalo halipaswi kupuuzwa. Ostreopsis hutengeneza sumu za jamii ya palitoksini, ambayo ni sumu kali sana. Konokono wanaokula utando huo hulegea na kufa, kwa hiyo usiongeze wengine. Mwaka 2005, mlipuko wa Ostreopsis ovata katika pwani ya Genoa, Italia, uliwapeleka watu wapatao 200 hospitalini, wakiwa na homa, kikohozi na shida ya kupumua, baada ya kuvuta hewa ya bahari. Vaa glavu, nyonya utando kwa mpira wa maji ukiwa bado ndani ya maji, usisugue mawe yakiwa nje, na kamwe usiyachemshe.

Utando ukishatoweka, usiizime taa ya miale mara moja. Iache wiki chache zaidi, kisha chukua mchanga kidogo uutazame tena kwa hadubini. Ukiona seli bado zinatembea, endelea kulisha na kupima kama awali.